Ukurasa Upo, Habari Haipo

Kila mwaka, wiki kadhaa kabla Baraza la Mitihani la Tanzania halijatangaza matokeo ya kidato cha nne, mtandao huwa umekwisha kujaa kurasa zenye kichwa kinachosema kwamba matokeo hayo yapo humo. Mwaka wa mtihani umeandikwa, jina la Baraza limeandikwa, na chini yake kuna maelezo marefu kuhusu mtihani huo ni nini, unafanywa na nani, kwa nini ni muhimu kwa mwanafunzi na mzazi wake, na namna ya kuyatazama matokeo yatakapotoka. Mzazi aliyeko Nachingwea au Kahama, ambaye kifurushi chake cha intaneti kinahesabika kwa megabaiti, anafungua ukurasa ulio juu kabisa, anasubiri matangazo ya biashara yamalize kujitokeza, anashuka hadi kwenye maandishi mekundu yanayomwambia "Bofya hapa kuona matokeo", anabofya, na anapelekwa kwenye ukurasa mwingine wa tovuti ileile, wenye maelezo yaleyale na mwaliko wa kujiunga na kundi la WhatsApp. Matokeo hayapo kwa sababu hayajatangazwa. Ukurasa hata hivyo upo, na injini ya utafutaji, kama Google, imeuweka mbele ya macho yake.

Aliyeutengeneza ukurasa huo hajakosea hesabu. Anajua kwamba siku ya kutangazwa matokeo maelfu kwa maelfu ya watu wataandika maneno yaleyale katika muda mfupi, na anajua pia kwamba ukurasa uliokwisha kukaa mtandaoni, ukafahamika na kutembelewa, una nafasi nzuri ya kuonekana juu kuliko ule uliozaliwa asubuhi hiyo. Kwa hiyo anauandika mapema. Kila anayeufungua huhesabiwa, kila tangazo linaloonekana lina senti zake, na mzazi anaporudi mara ya pili na ya tatu kwa wasiwasi, mapato yanaongezeka. Katika biashara ya namna hii, kumwacha mtu bila jibu kunalipa kuliko kumjibu. Biashara hiyohiyo inaendeshwa kwa nafasi za kazi, kwa majina ya walioitwa kwenye usaili, kwa waliochaguliwa kidato cha tano na vyuo, na kwa mikopo ya wanafunzi. Yaani, penye wasiwasi wa watu wengi kwa wakati mmoja.

Malalamiko kuhusu injini za utafutaji hayapo kwetu peke yetu, na asili yake inajulikana. Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford waliona udhaifu wa injini za wakati ule, ambazo zilitegemea sana kulinganisha maneno ya muulizaji na maneno ya ukurasa. Wao wakaongeza kipimo kingine: ukurasa unaotajwa kwa kiungo na kurasa nyingi, hasa zile zinazoheshimika, uhesabiwe kuwa na uzito zaidi. Wazo hilo lilifanya kazi vizuri kwa sababu, wakati huo, mtu aliyeweka kiungo alikuwa ameusoma ukurasa na kuuona unafaa. Katika maandishi yao ya mwaka 1998 walieleza pia kwamba injini inayoishi kwa matangazo ya biashara itaelekea kuwapendelea wenye matangazo na kujitenga na mahitaji ya wanaotafuta. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2000, kampuni yao ya Google ilianzisha huduma yake ya kuuza matangazo pembeni mwa majibu, na mwaka 2003 ikawafungulia wenye tovuti ndogo mlango wa kubandika matangazo hayo kwenye kurasa zao na kugawana mapato. Mwaka 2024 shughuli ya utafutaji peke yake iliiingizia kampuni mama, Alphabet, takriban dola bilioni 198, kati ya mapato yake yote ya dola bilioni 350 hivi.

Tangu nafasi ya juu ilipopata bei, kiungo na neno vyote viliacha kuwa ushahidi wa uaminifu. Kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuufanya ukurasa upendwe na injini, na wanaifahamu kazi hiyo. Mwaka 2011 Google ilibadilisha vipimo vyake ili kushusha tovuti zilizokuwa zikizalisha makala duni kwa wingi, na ikasema mabadiliko hayo yaligusa takriban asilimia 12 ya maswali yaliyoulizwa nchini Marekani. Mwaka 2024 ilitangaza tena mabadiliko makubwa ya aina hiyo. Katika mwaka huohuo watafiti wa Ujerumani, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Leipzig, walichapisha uchunguzi wa mwaka mzima wa maswali zaidi ya 7,000 ya watu wanaotafuta tathmini ya bidhaa. Waligundua kwamba kurasa zilizokaa juu zilikuwa zimeandaliwa zaidi kwa ajili ya injini, zilikuwa na viungo vingi zaidi vinavyompatia mwandishi malipo pale msomaji anaponunua kitu, na maandishi yake yalikuwa na dalili za ubora mdogo. Walipima Google, Bing na DuckDuckGo, na tatizo lilikuwa katika zote tatu. Kwa hiyo anayedhani kwamba dawa ni kuhama injini moja kwenda nyingine atakuta amehama na ugonjwa wake.

Hayo ni ya dunia nzima. Hata hivyo, naamini hali ya anayetafuta kwa Kiswahili ina ubaya wake wa pekee, ambao lawama dhidi ya Google hazitoshi kuueleza. Kwa Kiingereza, ukurasa duni unashindana na ukurasa bora. Msomaji mvumilivu akipita kurasa tatu au nne za takataka, au akiongeza neno moja kwenye swali lake, hatimaye hufika. Kwa Kiswahili, mara nyingi ukurasa bora haujaandikwa. Injini hailazimiki kuuficha; inachagua kati ya vilivyopo, na vilivyopo vimeandikwa na watu wasioijua habari yenyewe, huku wanaoijua wakiwa kimya.

Chukua mfano wa mhudumu wa hoteli jijini Arusha aliyeambiwa kwa mdomo, siku ya Jumamosi, kwamba kuanzia Jumatatu asirudi kazini. Anachohitaji kujua ni mambo matatu tu: aende wapi, kabla ya lini, na karatasi gani. Majibu yapo na ni mafupi. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ajaze fomu namba moja ya Tume. Na afanye hivyo ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa, kwa mujibu wa kanuni zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali namba 64 la mwaka 2007. Kwa migogoro mingine ya kazi muda ni siku 60, lakini kwa kuachishwa kazi ni 30. Hakuna siri yoyote hapo. Kanuni zimechapishwa, na afisa yeyote wa Tume angeweza kuyasema yote hayo kwa sentensi mbili.

Sasa mtu huyo anashika simu na kuandika, kama ambavyo angemuuliza jirani, "nimefukuzwa kazi bila sababu nifanye nini". Anachokutana nacho kwa kawaida ni makala za jumla kuhusu haki za mfanyakazi, ambazo zimenakiliana kiasi kwamba hata makosa ya herufi yanafanana, na ambazo zinamweleza kwamba ana haki ya kusikilizwa, haki ya kupewa notisi na haki ya kulipwa, bila kumwambia kwamba haki hizo zina tarehe ya kuisha. Anakutana na maandishi ya watu wanaotangaza huduma za uwakili, ambayo huanza vizuri na kukatika pale penye jibu, kisha inafuata namba ya simu. Akiendelea mbele anaingia kwenye Kiingereza: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na hukumu za Mahakama Kuu zilizowekwa wazi kwenye hifadhi ya TanzLII. Hifadhi hiyo ni kazi njema inayostahili kushukuriwa, lakini hukumu haikuandikwa kumwelekeza mhudumu wa hoteli. Muda wa siku 30 umo humo, katikati ya mabishano ya mawakili, na si chache kati ya hukumu zinazoujadili ni za watu waliokwisha kuchelewa, wakiomba waongezewe muda na kueleza siku baada ya siku walikuwa wapi. Kwa maneno mengine, njia ya uhakika ya mtu wetu kukutana na tarehe yake ya mwisho mtandaoni ni kusoma habari za wenzake ambao iliwapita.

Wako watakaosema kwamba mtu huyo angekwenda tu kwenye ofisi ya serikali iliyo karibu akaulize. Ni kweli, na wengi hufanya hivyo. Lakini simu imekwisha kuwa mahali pa kwanza pa kuuliza, hasa usiku wa siku ile ya tukio, na kile anachoambiwa usiku huo ndicho kinachoamua kama kesho atakwenda ofisini au atakaa nyumbani akimsubiri mwajiri abadilishe mawazo.

Mambo ya afya yana sura hiyohiyo, tena kwa ukali zaidi. Andika kwa Kiswahili swali kuhusu dawa ya vidonda vya tumbo, utapata orodha ndefu ya wauzaji wa mitishamba wenye ushuhuda wa waliopona, bei za dozi na namba za simu za kupokelea pesa. Imejulikana tangu miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapatia Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na kwamba sababu nyingine kubwa ni matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Bakteria huyo hupimwa na hutibiwa kwa antibiotiki. Mgonjwa anayemeza diclofenac kila siku kwa ajili ya mgongo, na kununua mitishamba kwa ajili ya tumbo, alihitaji aya moja ya daktari kwa lugha anayoielewa, na aya hiyo ilitakiwa kukaa juu ya ile ya muuzaji.

Kwa nini wanaojua wako kimya? Sababu moja ni kwamba kusema kweli hawako kimya. Wanasemea mahali ambapo injini haisikii. Daktari anatoa somo zuri kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, na baada ya siku mbili somo limezikwa chini ya salamu na picha. Bwana shamba anajibu maswali kwenye kundi lililofungwa la Facebook. Halmashauri inatoa tangazo la viwanja likiwa ni picha ya karatasi yenye muhuri na sahihi, inalibandika kwenye Instagram, na kazi inahesabika kuwa imekwisha. Karatasi iliyopigwa picha au kuskaniwa inapendeza machoni pa ofisi kwa sababu muhuri unaonekana, lakini kwa mashine inayosoma herufi ni picha tu, na hata pale inapoweza kubahatisha maneno yake, haina kichwa wala maelezo ya kuitambulisha. Hapo ndipo wenye zile kurasa za matangazo wanapopata nafasi yao. Wanakaa chini, wanaichapa ile karatasi upya, wanaipa kichwa ambacho watu watakiandika, na wanasimama kati ya ofisi na mwananchi kama dalali anayesimama kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Haki ni kukiri kwamba baadhi yao wametusaidia: tangazo lilisomeka kwa sababu wao walilichapa. Ila udalali huo usingekuwapo kama mwenye habari angeiandika mwenyewe.

Sababu nyingine ni ya kisheria. Mwaka 2018 Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu kusajiliwa na kulipia leseni, na ada za kuanzia, ukijumlisha ya maombi, ya leseni na ya mwaka, zilifika zaidi ya shilingi milioni 2. Mwezi Juni mwaka huo hata JamiiForums, ghala kubwa kuliko yote la maswali na majibu ya Kiswahili cha kila siku, lilizimwa kwa muda. Ada zilipunguzwa baadaye. Lakini fikiria nani aliweza kuvumilia kipindi hicho. Muuguzi aliyekuwa akiandika kuhusu lishe ya watoto kwa kupenda tu, mwalimu aliyekuwa akiweka maswali ya hisabati yenye majibu, au mkulima aliyekuwa akieleza namna alivyodhibiti ukungu kwenye vitunguu, hakuwa na mapato ya kurudisha milioni mbili. Aliyekuwa na sababu ya kulipa ni yule aliyeigeuza blogu kuwa biashara. Kwa maoni yangu kanuni zile, zilizotungwa kwa jina la kulinda ubora wa maudhui, zilimpunguza mwandishi wa kujitolea na kumwachia uwanja mwandishi wa matangazo.

Iko pia sababu ya vyuo. Wakulima wa nyanya wa Tanzania wamesumbuliwa tangu mwaka 2014 na mdudu wanayemwita kantangaze. Utafiti juu yake umefanyika hapahapa nchini, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro na Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, kwa fedha nyingi na akili nyingi. Ripoti zimeandikwa kwa Kiingereza chini ya jina la kisayansi la Tuta absoluta, zikawekwa kwenye hifadhi za vyuo kama faili la kurasa mia moja na zaidi. Mkulima anayeuliza kwa jina analolijua yeye hawezi kukutana na mtafiti aliyekuja kupima shamba lake.

Kiufundi nako kuna mzigo. Kanuni za mwanzo za kuifundisha kompyuta kulirudisha neno kwenye shina lake, kama ile ya Martin Porter ya mwaka 1980, zilikata miisho ya maneno ya Kiingereza, ilhali Kiswahili hubadilisha maneno yake zaidi mwanzoni: aliyeachishwa, walioachishwa, nikiachishwa, kuachishwa. Injini za leo zimekwenda mbali kuliko hapo, kwa kuwa zinajifunza zenyewe kutokana na maandishi. Lakini zinajifunza kwa yale yaliyopo. UNESCO inakadiria wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200, na bado lugha yetu haifikii hata asilimia moja ya tovuti za dunia, huku Kiingereza kikikadiriwa kuchukua takriban nusu yake.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu akili mnemba ilipoingia kati ya muulizaji na ukurasa. Mwezi Mei 2024 Google ilianza kuwawekea watumiaji wa Marekani muhtasari uliotungwa na mashine juu ya majibu yote, na katika siku za mwanzo muhtasari mmoja uliwashauri watu kuchanganya gundi kwenye mchuzi wa piza ili jibini isidondoke, ushauri uliotokana na mzaha wa mtu mmoja wa miaka mingi iliyopita. Watu walicheka kwa sababu kosa lilionekana wazi, na kwa sababu Kiingereza kina mapishi ya piza yasiyo na idadi ya kulisahihisha. Mashine ikimwambia mhudumu wetu wa hoteli kwa Kiswahili safi na cha kujiamini kwamba ana siku 60, hakuna atakayecheka, kwa kuwa hakuna atakayegundua hadi siku ya 31 ipite. Inayotunga muhtasari inatoa maneno yake kutoka kwenye kurasa zilezile nilizozieleza. Tukiziacha zibaki peke yake, makosa ya kurasa hizo yatapoteza hata ile alama ndogo ya tahadhari tuliyokuwa nayo, yaani sura ya tovuti yenyewe iliyojaa matangazo, ambayo angalau ilimfanya msomaji mwangalifu asite.

Kwa sasa msomaji anaweza kujisaidia kidogo. Akiandika swali lake kisha akaongeza neno site, nukta mbili na go.tz bila kuacha nafasi kati yake, yaani site:go.tz, atapata kurasa za taasisi za serikali ya Tanzania peke yake. Kwa Kenya ataandika go.ke. Akitaka maneno yafuatane kama alivyoyaandika, ayaweke ndani ya alama za kunukuu. Mbinu hizi zinafaa kufundishwa shuleni, lakini si haki kumdai mzazi wa Nachingwea azijue ili aweze kusoma matokeo ya mwanawe, na hata akizijua hazimsaidii ikiwa taasisi yenyewe imeweka picha.

Ninachokidai kinahusu wenye habari. Ofisi nyingi za umma zina maafisa habari, na wengi wao wana bidii kubwa ya kutoa picha za viongozi wakizindua miradi. Bidii hiyo ielekezwe kwanza kwenye maandishi. Tangazo lichapwe kama maandishi kwenye ukurasa wenye anwani isiyobadilika, likiwa na tarehe, likiwa na kichwa kinachofanana na swali la mwananchi, na karatasi yenye muhuri iambatanishwe chini kwa anayetaka kuhakikisha. Baraza la Mitihani likiwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema, tangu Novemba, "Matokeo bado hayajatangazwa, yatawekwa hapa", sehemu kubwa ya kurasa za uongo itakosa pa kusimama. Vyuo navyo vinaweza kumtaka kila mhitimu wa uzamili na uzamivu katika kilimo na afya aweke wazi, pamoja na tasnifu yake, ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye majina wanayoyatumia wakulima na wagonjwa. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imetamka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tafsiri ya vitabu vyote vya sheria ni kazi ya miaka, lakini ukurasa mmoja wa maelekezo hausubiri kazi hiyo ikamilike.

Kwa kuwa haiwezekani kuanza kote kwa pamoja, ningeanza na ofisi ambazo kuchelewa kwa siku chache kunamnyima mtu haki yake: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi yenye siku zake 30, Mamlaka ya Mapato ambako pingamizi dhidi ya makadirio ya kodi nalo lina siku 30, mabaraza ya ardhi, na rufaa za mikopo ya wanafunzi. Kila moja ya hizo iandike mtu aende wapi, kabla ya lini, na karatasi gani, kwa maneno ambayo mwenye shida angeyaandika yeye mwenyewe kwenye simu.